Simu ya IP68 Baharini: Fanya Hivi Kabla na Baada ya Maji Chumvi

Karibuni watazamaji. Boksi la simu hii limeandikwa IP68, yaani kipimo cha kuzuia vumbi na maji. Hiyo 6 maana yake vumbi haliingii. Hiyo 8 maana yake inastahimili kuzama zaidi ya mita 1, kwa kina na muda aliotaja mtengenezaji. Ila kipimo hicho hufanyika maabara, kwa simu mpya, kwenye maji yaliyotulia yasiyo na chumvi. Sisi tunakwenda kisiwa cha Mafia kuangalia papa potwe, na kwenye boti kuna mawimbi, mchanga na chumvi.

Kwanza, kagua simu ukiwa nyumbani. Chomoa kitrei cha laini. Angalia hapa kwa karibu: unakiona kimpira hiki chembamba kilichokizunguka? Kikichanika, au kikishika punje ya mchanga, maji yanapita. Kifute kwa kitambaa kikavu, rudisha. Sasa pitisha ukucha ukingoni mwa kioo. Kama simu ina ufa, au fundi alishaifungua kubadilisha betri, ihesabu kama simu ya kawaida tu. Na usitegemee waranti. Nyingi hazilipii simu iliyoingia maji.

Pili, mfuko wa kuning'iniza shingoni. Ujaribu kabla ya safari: weka tishu ndani, funga, zamisha kwenye ndoo nusu saa. Tishu ikitoka kavu, mfuko unafaa. Ukiweka simu, bakiza hewa kidogo ili mfuko uelee ukidondoka majini.

Tatu, na hapa ndipo simu nyingi zinapofia: ikiguswa na maji ya bahari, isuuze hapohapo, usisubiri ikauke. Chumvi ikishaganda kwenye tundu la chaji na matundu ya spika, inakula chuma polepole. Tumia maji ya chupa au ya bomba. Visima vingi vya pwani vina chumvi. Mimina taratibu, kwa sababu maji ya kasi yana msukumo ambao kipimo cha kuzamisha hakiuhusu.

Kisha igeuze tundu la chaji litazame chini, iache kivulini penye upepo. Mchele uache jikoni: hauharakishi chochote, na vumbi lake linaingia kwenye matundu.

Usichomeke chaja ikiwa bado ina unyevu. Umeme ukikutana na maji chumvi, pini zinaliwa haraka. Mulika tochi ndani ya tundu. Ukiona ukijani kwenye pini, usilazimishe waya, mpelekee fundi aisafishe.