Kevin si Ugonjwa

Wakubwa zangu shikamooni, wenzangu hamjambo.

Mmenialika niseme juu ya majina tunayowapa watoto wanaozaliwa hapa Ujerumani. Nitaanza na kijana mmoja wa Kisumu aliyekuja kusomea uuguzi. Siku ya kwanza wodini akajitambulisha: naitwa Kevin. Wenzake wakatazamana, mmoja akaziba mdomo. Kwao Kenya, akina Kevin wako karibu kila darasa. Sisi Watanzania tunao akina Kelvin. Hakuelewa amekosea nini.

Kosa halikuwa lake. Mwaka 1991 Kevin ndilo lililoongoza kati ya majina ya wavulana nchini humu. Filamu ya Kimarekani ya mtoto Kevin aliyesahauliwa nyumbani ilikuwa imefika, na mwigizaji Kevin Costner alikuwa anang'ara. Ni jina la mtakatifu wa Ireland, na asili yake ni mtu aliyezaliwa na uzuri. Chantal nalo linatoka kwa mtakatifu, wa Ufaransa. Lakini kwa kuwa yalipendwa sana na watu wa kipato kidogo, yakaanza kuchekwa. Ujerumani Mashariki nako, watu waliofungiwa nyuma ya ukuta waliwaita watoto wao kwa majina ya Kiingereza: Mandy, Ronny, Peggy. Ulimwengu waliokatazwa kuuona wakauweka kwenye jina la mtoto. Kila nikilifikiria hilo moyo hunilainika. Ukuta ulipoanguka, wa Magharibi wakawacheka kwa majina hayo hayo.

Kicheko kingeishia mtaani, nisingewasumbua leo. Mwaka 2009 ulitoka utafiti wa Chuo Kikuu cha Oldenburg, uliosimamiwa na Profesa Astrid Kaiser. Walimu wa shule za msingi waliulizwa wanafikiria nini wakisikia majina fulani. Sophie, Marie, Jakob: mtoto mwema, anajitahidi. Kevin, Chantal, Mandy, Justin: mtukutu, mzito wa masomo. Mwalimu mmoja aliandika kwamba Kevin si jina bali ni ugonjwa, kana kwamba daktari ameshampima mtoto na kuandika majibu.

Na ni mwalimu huyo, katika majimbo mengi, anayependekeza mtoto aende wapi akimaliza darasa la 4: Gymnasium, sekondari ambayo ndiyo njia iliyonyooka ya chuo kikuu, au shule nyingine. Mtoto ana miaka 10 hivi.

Mnaodhani hayo ni ya Wajerumani wenyewe kwa wenyewe, sikilizeni utafiti huu wa Chuo Kikuu cha Mannheim, mwaka 2018. Watu wanaosomea ualimu walipewa imla ya kusahihisha, yenye makosa yale yale. Wengine waliambiwa imeandikwa na Max, jina la Kijerumani, wengine na Murat, jina la Kituruki. Makosa wakayahesabu sawasawa. Murat akapewa alama ya chini. Narudia, maana ndipo penye uchungu: hawakumwongezea Murat kosa hata moja. Waliona kitu kile kile, wakakipima kwa mizani mbili.

Basi tuwaite watoto wetu Max? Hapana. Mimi ni mkalimani, na jambo hili nimelishuhudia mezani kwa msajili. Mwaka juzi nilimsindikiza baba mmoja kumwandikisha binti yake, Amani. Msajili akaweka kalamu chini, akauliza ni wa kike au wa kiume, akataka jina la pili litakaloonyesha. Nikamwona yule baba midomo inaanza kutamka Anna. Nikaomba radhi, nikaeleza habari ya Kiran, mtoto mwenye asili ya India. Tarehe 5 Desemba 2008 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba si lazima jina lionyeshe jinsia, mradi lisimdhuru mtoto. Msajili akaingia chumba cha pili. Aliporudi aliandika Amani, peke yake.

Nchi hii haina orodha ya majina yanayoruhusiwa. Uzazi unaandikishwa ndani ya wiki 1, lakini jina mnaweza kulipeleka ndani ya mwezi 1. Utumieni mwezi huo. Litamkeni kwa sauti, msikilize jirani Mjerumani analitamkaje. Na mtoto akianza shule, nendeni kwa mwalimu mapema, mkae naye, amjue mtoto kabla hajalizoea jina kwenye orodha. Pendekezo la darasa la 4 likija, ulizeni limetokana na alama zipi.

Jambo moja linaniuma zaidi. Nimewasikia watu wetu, kwenye sherehe zetu, wakimcheka Kevin wa jirani. Sisi, ambao watoto wetu ndio akina Murat!

Yule kijana wa Kisumu alitaka aache Kevin, atumie Otieno tu. Nikamwambia Otieno ni jina zuri, litumie kwa kulipenda, usilifanye maficho. Juzi alinipigia simu. Kwenye kibandiko chake cha wodini yameandikwa yote mawili, na wagonjwa wazee, anasema, humwita kwa lile wanaloweza kulitamka.