Mashine Haijafa: Moduli Moja ya Kerneli na Haraka ya Kupiga Windows Upya

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, ndugu mafundi na wanafunzi. Wengi wenu mmekwisha kunisikia nikilisema jambo hili, na naona huko nyuma wapo wanaotabasamu kabla sijaanza. Nitalisema tena, kwa kuwa bado naletewa laptopu za Linux ambazo wenyewe wameambiwa kwamba mfumo umekufa na dawa ni kufuta kila kitu na kupiga Windows upya, ilhali kilichotokea ni moduli moja ya kerneli, yaani kipande cha programu kinachopakiwa kwenye kiini cha mfumo ili kuendesha kifaa fulani, kukwama wakati mashine inawaka. Zaidi ya hapo kerneli sitaieleza. Aliyekuja hapa leo anajua.

Skrini nyeusi haisemi lolote kwa sababu tumeiamuru inyamaze. Katika Ubuntu amri hiyo ni maneno mawili, quiet na splash. Katika Fedora ni rhgb na quiet. Yamewekwa ili mtumiaji aone nembo nzuri badala ya maandishi yanayokimbia, na siku mashine inapokuwa nzima hayana ubaya. Siku inapogoma, kazi ya kwanza ya fundi ni kuyaondoa. Gusa Esc mara mashine inapowaka, au shikilia Shift kwenye mashine za zamani zisizo na UEFI, ile fimuwea ya kisasa, yaani programu iliyo ndani ya ubao inayoiwasha mashine, hadi itokee menyu ya GRUB, programu inayoichagua na kuiwasha kerneli, bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na neno linux, futa maneno hayo, kisha bonyeza Ctrl na X. Mabadiliko hayo ni ya safari hiyo moja tu. Hakuna kilichoandikwa kwenye diski, na ukikosea unazima na kuanza tena. Nawaomba mlishike hili, maana hofu ya kuharibu ndiyo inayowafanya watu waharibu.

Nitatoa mfano ninaoupenda, na mwenyekiti atanivumilia. Aliletwa kwangu binti wa chuo kikuu aliyekuwa akimalizia tasnifu yake. Mashine yake ilikuwa na kadi mbili za michoro, moja ya Intel na nyingine ya NVIDIA, na fundi alikwisha kumtajia bei ya kufuta diski. Nembo ilitokea, ikaganda, feni ikaanza kuvuma. Tulipoondoa quiet na splash, mistari ilipita kwa kasi, kadhaa ikianza na neno nouveau, ambalo ni jina la draiva huria, yaani moduli ya kuendesha kifaa, ya kadi za NVIDIA, kisha kimya, kisha ukatokea ujumbe huu, ukajirudia na kujirudia: watchdog: BUG: soft lockup - CPU#2 stuck for 22s! Maana yake, kichakataji namba 2 kimekwama kwa sekunde 22. Mwishoni mwa ujumbe, ndani ya mabano, lilikuwapo jina systemd-udevd.

Hapa ndipo ninapogombana na watu. Wanaliona jina hilo wanasema, "Mhalifu ni udevd," na saa nzima inapotea wakimtafutia dawa. Mjumbe hauawi! Kazi ya udevd ni kusoma kitambulisho cha kila kifaa, na kwa kadi za NVIDIA kitambulisho hicho hubeba namba 10de, kisha kuagiza moduli inayolingana nacho ipakiwe. Yeye ameagiza, aliyeitikia na kuganda ni mwingine. Wala mstari wa mwisho kwenye skrini si ushahidi kamili, kwa sababu draiva nyingi huanza kwa pamoja, na aliyesema mwisho huenda ni yule tu aliyemaliza kazi yake salama. Soma kwenda juu. Piga picha kwa simu, usitegemee kichwa.

Tulirudi kwenye GRUB, tukaongeza mwishoni mwa mstari ule ule modprobe.blacklist=nouveau, yaani nouveau isipakiwe, na mashine ikawaka hadi kwenye ukurasa wa kuingia, tasnifu ikiwa mahali pake. Wengi wangeishia hapo. Mimi nilimwambia azime na awashe bila ile nyongeza, ikaganda. Akairudisha, ikawaka. Hatua hiyo mafundi hawaipendi, wanaona ni kupoteza muda wa mteja, lakini bila hiyo unachokijua ni kwamba mashine imewaka, na hujui kwa nini.

Naona mkono pale, na swali nalijua: mbona tusiandike nomodeset, kama kila mtu anavyoshauri? Andika, kama shida yako ni kuokoa faili. Lakini nomodeset huzizuia draiva za michoro kwa jumla, ya Intel ikiwamo, kwa hiyo mashine itawaka na mshukiwa atabaki amejificha kati ya wenzake. Kuifungia moduli moja kwa jina ni kuuliza swali moja na kupata jibu moja.

Wapo pia wanaosema kwamba hayo ni matatizo ya Linux, na anayetaka amani atumie kitu kingine. Mwanzoni mwa mwaka 2013 baadhi ya laptopu za Samsung zilikufa kabisa baada ya kuwashwa kwa Linux kupitia UEFI. Moduli iliyolaumiwa kwanza ilikuwa samsung-laptop, na kerneli ikarekebishwa ili isipakiwe katika hali hiyo. Muda mfupi baadaye Matthew Garrett, mtaalamu wa kerneli ya Linux, akaonyesha kwamba kasoro ilikuwa kwenye fimuwea yenyewe, na kwamba hata programu ndani ya Windows iliweza kuileta kwa kujaza nafasi ambamo fimuwea huhifadhi taarifa zake. Desemba 2017 ikaja kinyume chake: Ubuntu 17.10 iligundulika kuwa na draiva ya intel-spi, inayogusa chipu inayohifadhi BIOS, yaani fimuwea ya mashine, na laptopu kadhaa, nyingi zikiwa za Lenovo, zikashindwa kuhifadhi mipangilio ya BIOS, nyingine zikakataa hata kuwaka kwa flashi. Mwambie mwenye mashine ya namna hiyo apige Windows upya, ataanzia wapi? Tiba ilikuwa kuwasha kerneli iliyorekebishwa.

Sasa niharakishe. Ukishathibitisha, andika blacklist nouveau katika faili ndani ya /etc/modprobe.d, na hapo kuna mtego unaowanasa wengi: moduli hiyo huenda imo pia ndani ya initramfs, mfumo mdogo wa faili wa kuanzia, unaosomwa kabla diski yako haijafunguliwa. Usipoijenga upya, kwa update-initramfs -u katika Debian na Ubuntu au dracut -f katika Fedora, mashine itaganda vilevile, nawe utahitimisha kwamba ulimsingizia asiye na hatia. Tena, kuifungia hivyo huzuia tu moduli kupakiwa kupitia kitambulisho cha kifaa. Moduli nyingine ikiihitaji, itaingia. Ukitaka kerneli yenyewe ikatae, tumia module_blacklist kwenye mstari ule wa GRUB. Udhaifu huo una faida yake: mashine ikishawaka, unaweza kuingia kwa SSH, njia ya kuamuru mashine kupitia mtandao, kutoka mashine nyingine, ukaacha dmesg -w ikiandika ujumbe wa kerneli, kisha ukaipakia moduli kwa mkono na kuona inaangukia wapi.

Ikiwa mashine iligoma baada ya kusasishwa, anza na kerneli ya zamani kwenye menyu ya GRUB. Kila kerneli ina moduli zake chini ya /lib/modules, na ya zamani ikiwaka umekwisha kupunguza kazi kwa nusu. Kisha soma kumbukumbu ya kerneli ya uwashaji uliotangulia kwa journalctl -k -b -1, ukijua kwamba iliyoganda kabla diski haijafunguliwa haikuacha neno. Wenye kuzima kwa kushikilia kitufe, jaribuni kwanza Alt na SysRq (mara nyingi ni kitufe cha Print Screen) pamoja na S, kisha U, kisha B, ili kilichokwisha kuandikwa kifike kwenye diski.

Draiva zilizojengwa ndani ya kerneli, ambazo haziguswi na haya yote, na suala la Secure Boot, ulinzi wa UEFI, kukataa moduli zisizo na saini, nilikuwa nimeziandalia nusu saa, na mwenyekiti ananionyesha saa yake. Waliokuja na mashine zinazogoma wazilete hapa mbele, pamoja na chaja zake.