Tairi Kubwa, Difu Ileile: Namna ya Kuchagua Meno

Asanteni kwa kuketi. Hapa mezani nimeweka vyuma viwili vilivyotoka kwenye difu moja, lile boksi la meno lililo kwenye ekseli, linalopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Hiki kipana kama sahani ni krauni, na hiki kidogo chenye mkia ni pinyoni. Kijana wa mbele nimemwomba ahesabu meno, naye ameniambia 41 kwa 10. Gawanyeni: 4.10. Namba mnayoisikia mafundi wakiitaja ndiyo hiyo. Maana yake propela, ile shafti ndefu inayotoka kwenye giaboksi, izunguke mara nne na ushei ndipo magurudumu yazunguke mara moja.

Mtu atauliza, kwa nini wasichonge 40 kwa 10 wakapata nne kamili? Kwa sababu jino moja la pinyoni lingekuwa linakutana na meno yaleyale manne ya krauni maisha yake yote, na kasoro ndogo ingechimba palepale. Kwa 41, kila jino hukutana na kila jino la mwenzake, na kulika kunagawanyika. Hilo nimelitaja kwa mapenzi tu ya chuma. Turudi kwenye tairi.

Gari lako lilikuja na tairi zenye kimo cha inchi 31. Umepanda njia za mawe, ukachoka kugonga tumbo la gari, ukafunga za inchi 35. Tairi ya 31 ikizunguka mara moja gari husogea karibu mita 2.47. Ya 35 hulisogeza karibu mita 2.79. Yaani kila mzunguko sasa unabeba kazi ya ziada ya asilimia 13, na difu haijui lolote kuhusu uamuzi wako. Chukua 4.10, zidisha kwa 31, gawanya kwa 35: unapata 3.63. Ni sawasawa na mtu aje usiku, akufungulie difu yako, aondoke nayo na kukuachia ya 3.63.

Namba ikishuka, mvuto unapungua, ndiyo maana gari linakuwa zito kuondoka. Kwenye gia za mkono utaanza kuichezea klachi ili usizime, na siku moja utasikia harufu yake. Kwenye otomatiki mambo ni ya kimyakimya zaidi: giaboksi inapanda gia ya juu, injini inashindwa, inashuka, inapanda tena, mlima mzima ni hivyo. Kila inapofanya hivyo, oili yake inapata joto. Watu wengi hulaumu injini. Injini haina kosa.

Sasa hesabu ya kurudi tulikotoka ni nyepesi: difu ya zamani, zidisha kwa tairi mpya, gawanya kwa tairi ya zamani. Kwetu inakuja 4.63. Ukienda kuitafuta 4.63 huenda usiipate, kwa sababu meno hayachongwi nusu. Zilizozoeleka karibu na hapo ni 4.56, ambayo ni 41 kwa 9, na 4.88, ambayo ni 39 kwa 8. Ugomvi wa mafundi huanzia hapa, na mimi nina upande wangu.

Kabla sijasema upande wangu, jambo moja kuhusu hiyo inchi 35. Ni namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, si urefu unaotembea nao barabarani. Tairi ikibeba gari hubonyea. Piga alama ya chaki kwenye tairi na chini, sukuma gari mpaka alama irudi chini, kisha pima umbali kwa utepe. Fanya hivyo kwa tairi ya zamani na mpya, kwa upepo unaotumia kweli. Nimeona tairi mbili zenye namba ileile ubavuni zikitofautiana vya kutosha kubadili uamuzi.

Haya, 4.56 au 4.88? Mimi siulizi tairi, nauliza mita ya mizunguko ya injini. Tuchukue giaboksi ambayo gia yake ya juu ni 0.85, yaani injini huzunguka mara 0.85 kwa kila mzunguko wa propela, gari liko kilomita 100 kwa saa. Kwa tairi za 31 na difu ya 4.10 injini ilikuwa kwenye mizunguko kama 2,350 kwa dakika. Ukafunga 35 bila kugusa difu, ikashuka mpaka 2,080. Ukiweka 4.56 unapata kama 2,310, na ukiweka 4.88 unapata 2,475. Anayetazama karatasi atasema 4.56 ndiyo inayorudisha gari lilivyokuwa. Lakini gari halijabaki lilivyokuwa! Limeinuliwa, kwa hiyo upepo unalikamata zaidi. Tairi yenyewe ni nzito, na uzito wake mwingi uko pembeni kabisa, mahali ambapo kuuanzisha kuzunguka na kuusimamisha ni kazi kubwa. Ongeza bampa ya chuma, winchi, tangi la maji. Kwa injini ya petroli isiyo na tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa, ambayo nguvu zake ziko juu kwenye mizunguko, mimi nachagua 4.88 bila kusitasita.

Kwa dizeli yenye tabo nabadilika. Hiyo inavuta vizuri ikiwa chini, na kuilazimisha izunguke zaidi barabara kuu siku nzima ni kuipigisha kelele bure. Hapo 4.56 yatosha, na kama tairi zimepanda inchi moja tu, usiguse difu kabisa. Vilevile otomatiki za kisasa zenye gia nane au zaidi zina gia ya kwanza yenye nguvu nyingi, hivyo huficha sehemu ya tatizo. Endesha kwanza mwezi mzima ukiwa na mzigo wako wa kawaida. Kama gari linashika gia ya juu kwenye barabara tambarare bila kuhangaika, hela yako ina kazi nyingine.

Kwenye mawe faida huonekana zaidi. Chukua gia ya kwanza ya 4.0, gia ya chini ya transifa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) ya 2.5, difu ya 4.10: zidisha zote, unapata 41, yaani injini huzunguka mara 41 gurudumu likizunguka mara moja. Kwa 4.88 unapata karibu 49. Gari linatambaa polepole zaidi bila mguu kwenye breki. Lakini breki zenyewe hazijapata nafuu. Tairi kubwa inazipa mzigo ambao difu haiuondoi kwenye kusimama kwa dharura.

Na kila faida ina bei ndani ya chuma. Nyumba ya difu haipanuki, kwa hiyo krauni inabaki na upana uleule, na ili namba ipande pinyoni lazima ipungue. Nikiwawekea pinyoni ya meno 8 karibu na hii ya 10 mtaona shingo yake ilivyokonda. Anayependa kukanyaga mafuta huku gurudumu moja limenasa kati ya mawe afikirie hapo.

Jingine, na hili nalisema kwa aibu. Nilipokuwa kijana nilibadilisha difu ya nyuma peke yake, nikajiambia ya mbele itasubiri mwezi ujao. Nikaingia kwenye njia kavu, nikavuta fo-wili, magurudumu yote manne yakawa yanasukuma. Mita chache tu, usukani ukawa mgumu, gari likaanza kuruka kama mbuzi, na kijiti cha transifa kikagoma kutoka. Ekseli mbili zilikuwa zinataka kwenda mwendo tofauti na transifa ikawa katikati inanyongwa. Mbele na nyuma zibadilishwe pamoja. Kuna magari yenye 4.10 huku na 4.09 kule, 45 kwa 11, na hayo huvumiliana. Tofauti ya kuanzia hapo kwenda juu sijaribu tena.

Swali? Ndiyo, mama wa nyuma anauliza kuhusu spidomita. Kwa tairi hizi na difu ya zamani, ikisoma 100 unakwenda kama 113. Na kilomita zinahesabiwa pungufu, ndiyo maana watu hulalamika gari linakunywa mafuta zaidi ya linavyokunywa kweli. Irekebishwe baada ya difu kufungwa, si kabla.

Mwingine anauliza kama anaweza kufunga mwenyewe. Pinyoni inapangwa kina chake kwa shimu, yaani vipande vyembamba vya chuma, beringi zinakazwa kwa kipimo, na nafasi kati ya meno huwa karibu milimita 0.15 hadi 0.25, kwa kadiri ya difu. Halafu unapaka rangi kwenye meno na kusoma alama ya mgusano. Ikikosewa, difu inalia ukiachia mafuta au ukikanyaga. Ikishafungwa, endesha taratibu kama kilomita 25, iache ipoe kabisa, rudia mara kadhaa, usivute tela mapema, kisha badilisha oili. Oili ya kwanza itatoka na vumbi la chuma linalong'aa.

Hii krauni nimeipaka rangi ya njano asubuhi na kuizungusha. Mwenye tochi aje aitazame: alama imekaa katikati ya jino au imesogea kwenye kisigino, ile ncha ya nje ya jino?