ABS inafanya nini, na ni wapi haitakuokoa

Haya watu wangu, leo niko Nakuru hapa upande wa Njoro na hii ni Toyota Fielder ya kawaida tu. Nataka tuangalie breki za ABS, yaani mfumo wa kuzuia tairi zisilock ukikanyaga breki kwa nguvu, juu kuna kitu watu wengi wanakikosea na kinaniuma sana.

Kwanza washa swichi, injini usistati. Hiyo taa ya njano ya ABS inafaa iwake alafu izime yenyewe. Ikikataa kuzima, breki za kawaida ziko lakini ABS haiko. Na isipowaka kabisa usifurahi, pengine balbu imetolewa ndio mnunuzi asijue, gari ya mtumba hii kitu uangalie mapema.

Sasa njoo huku kwa gurudumu. Hii waya nyembamba inaenda kwa sensa, inasoma tairi inazunguka kwa spidi gani. Ukikanyaga breki kwa nguvu na tairi moja itake kusimama kabla ya gari, kompyuta inalegeza breki ya hiyo tairi, inashika, inalegeza, mara kadhaa kwa sekunde moja. Ukiosha gari toa matope hapa pia.

Tatu, tafuta barabara tupu, hakikisha nyuma hakuna mtu, fika 30 hivi, kanyaga yote. Umesikia hiyo grrrr? Pedali inapiga mguu, na hapo ndipo watu wanashtuka wanaachilia, wengine wanaanza kupampu vile walifundishwa na gari za kitambo. Usiachilie! Kaza mguu hivyo hivyo na upige kona, kwa sababu kazi kubwa ya ABS ni usukani uendelee kukusikia ukiwa umekanyaga breki, si kusimamisha gari papo hapo. Kwa murram hata inaweza kukupeleka mbali zaidi, juu tairi iliyolock inachimba na kusukuma changarawe mbele yake na hiyo inasaidia kusimama, sasa ABS inazuia. Na spidi nayo haina huruma: ukitoka 40 ukaenda 80, umbali wa kusimama tangu breki ishike unakuwa mara nne.

Sasa hii ya mwisho tafadhali nisikilize. Ule mteremko wa Sachangwan kushuka Salgaa, barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, tumezika watu wengi, na ABS haipoezi breki. Ukishuka mguu ukiwa kwa breki muda wote, pedi zinapata moto zinaacha kushika, na mafuta ya breki yakichemka pedali inazama tu. Weka gia ndogo kabla mteremko uanze, otomatiki weka 2 ama L, nyutro usiguse kabisa hata kama mtu amekuambia inasave mafuta.

Ukirudi nyumbani fungua boneti uangalie mafuta ya breki. Yanavuta maji kutoka kwa hewa: DOT 3, aina moja ya mafuta ya breki, ikiwa mpya inachemka kwa digrii 205, ikishaingia maji inaweza kushuka mpaka 140. Kama ni nyeusi ama imepita miaka 2, mwambie fundi amwage yote, aweke ya mkebe ambao haujafunguliwa, na aufungue ukiona.