Bahasha ya Matokeo: Mtihani wa Mtoto Anayesoma Nyumbani

HAMISI: Karibuni tena, wapenzi wasikilizaji. Mimi ni Hamisi, na kama kawaida niko na dada Zuhura. Leo dada amekuja na bahasha ya kaki, ameiweka mezani hapa. Hebu waambie, dada, kuna nini ndani.

ZUHURA: Ahsante, kaka Hamisi. Humu kuna matokeo ya mtihani wa binti yangu ya mwaka jana, tulipokuwa bado tunaishi North Carolina. Alikuwa darasa la nne. Wasikilizaji wetu wa siku nyingi wanajua kwamba hatukumpeleka shule, tunamsomesha wenyewe. Asubuhi ni mimi, jioni ni baba yake akitoka kazini. Sasa tumehamia Buffalo, jimbo la New York, na bahasha hii niliyokuwa karibu kuitupa wakati wa kufungasha imegeuka kuwa karatasi ya maana kuliko zote nilizohama nazo.

HAMISI: Tutafika huko. Kwanza nijibu wazazi walionipigia. Wengi wanauliza swali moja, na unasikia kabisa hofu kwenye sauti: mtoto akifeli huo mtihani, serikali inakuja kumchukua?

ZUHURA: Hapana. Na ninawaelewa, kwa sababu mwaka wa kwanza sikulala usiku ule wa kuamkia mtihani. Sisi tuliokulia Tanzania, neno "mtihani" linatuingia mwilini kabla ya akilini.

HAMISI: Nimefundisha darasa la saba Tanga, miaka mingi. Mtihani ule ni mlango. Ukipita, unapangiwa sekondari. Usipopita, unabaki nje, na jina lako limebandikwa ukutani watu wote wanalisoma. Nimeona mzazi anakuja shuleni amevaa nguo za Iddi, anafuata orodha kwa kidole, anafika mwisho, anaanza tena juu. Hajaliona jina. Anaanza tena mara ya tatu. Kwa hiyo mtu mwenye kumbukumbu hiyo akiambiwa Marekani mtoto wa nyumbani lazima afanye mtihani sanifu, yaani mtihani wa aina moja unaosahihishwa kwa kipimo kimoja kwa watoto wote, anadhani ni kitu kilekile.

ZUHURA: Na sicho. Kwanza tuseme wazi kwamba Marekani haina sheria moja ya nchi nzima kuhusu jambo hili. Kila jimbo lina lake. Kusomesha nyumbani ni halali katika majimbo yote 50, lakini mtihani ni habari nyingine. Texas hakuna mtihani, na wala huhitaji kumtaarifu mtu. Illinois hakuna mtihani. Michigan hakuna. Ukivuka mpaka, mambo yanabadilika.

HAMISI: Tuanze na North Carolina, maana ulikaa huko.

ZUHURA: Kule unafungua shule yako kwa kupeleka taarifa kwenye ofisi ya jimbo inayoshughulikia shule zisizo za umma. Mzazi awe amemaliza sekondari au ana cheti kinacholingana nayo. Shule yako iendeshwe angalau miezi tisa kwa mwaka. Halafu kila mwaka mtoto anafanya mtihani sanifu wa kitaifa unaopima sarufi ya Kiingereza, kusoma, tahajia na hesabu. Matokeo unayatunza mwaka mmoja, wakija kukagua uwaonyeshe. Basi. Hakuna alama ya kufaulu. Sheria inataka mtoto apimwe, haisemi apate ngapi.

HAMISI: Hapo mwalimu ndani yangu anainua mkono. Kama hakuna alama ya chini, na hakuna anayeyaona matokeo isipokuwa mzazi, mtihani unamsaidia nani?

ZUHURA: Unamsaidia mzazi mkweli. Ngoja nikusimulie. Mwaka jana mtihani nilisimamia mwenyewe, kwa sababu mchapishaji wa ule tulioununua anaruhusu. Wapo wanaotaka msimamizi awe na shahada ya chuo, huo wetu hawakutaka. Meza ya jikoni, penseli mbili, saa ya jiko ndiyo inahesabu dakika. Mdogo wake nimempeleka kwa jirani. Kufika sehemu ya tahajia, binti yangu anasoma neno la Kiingereza la kisu, knife, ameshika penseli hewani, ananiuliza: "Mama, hii k inafanya nini hapa?"

HAMISI: Na msimamizi hatakiwi kujibu.

ZUHURA: Sikujibu. Lakini nilijua papo hapo kwamba hilo ni kosa langu. Huyu mtoto amejifunza kusoma kwa Kiswahili kwanza, na Kiswahili kila herufi inatamkwa. Akaingia Kiingereza na kanuni ileile, na mimi sikuwahi kukaa naye kumwambia kwamba huku kuna herufi zinazokaa kimya. Matokeo yalipokuja: hesabu 68, kusoma 41, tahajia 22.

HAMISI: Sasa tusimame kwenye hizo namba, dada, maana hapa ndipo wazazi wetu wengi wanapoumia bure. Mtu anaona 41 anasema mtoto kapata 41 katika 100, kafeli. Sivyo. Hiyo inaitwa pasentaili. Chukua watoto 100 wa darasa lake, uwapange mstari kuanzia aliyepata kidogo hadi aliyepata nyingi. Pasentaili ya 41 maana yake mtoto wako amewapita takriban 41 kati yao. Hamsini ni katikati kabisa ya mstari. Haikwambii amejibu maswali mangapi sawasawa. Mtoto anaweza kujibu maswali mengi tu na akawa 50, kwa sababu wenzake nao wamejibu mengi.

ZUHURA: Mume wangu aliiona hiyo 22 akaacha chakula. Nilimchorea mstari wa watoto nyuma ya risiti ya duka, ndipo akapumua.

HAMISI: Na jambo la pili: hao watoto 100 ni akina nani? Ni watoto wa Marekani, wengi wao Kiingereza ndiyo lugha ya mama. Mtoto anayeongea Kiswahili nyumbani, au Kinyarwanda, au Kibembe kama ndugu zetu Wakongo, anapimwa kwenye mstari huo. Kwa hiyo usiangalie jumla peke yake. Fungua ukurasa wa ndani. Hesabu iko juu na msamiati uko chini? Hiyo ni habari ya lugha, siyo ya akili. Vyote viko chini? Hapo tuna mazungumzo mengine.

ZUHURA: Minnesota wameliweka hilo kwenye sheria yao kwa namna ninayoipenda. Mtoto anapimwa kila mwaka. Akiwa kwenye pasentaili ya 30 au chini yake, mzazi analazimika kumtafutia mtoto uchunguzi zaidi, ijulikane kama ana tatizo la kujifunza. Hayo maelekezo yanamhusu mtoto: asaidiwe vipi. Ndugu zetu wengi Wasomali na Wakenya wako huko, wanisikilize.

HAMISI: Na New York?

ZUHURA: New York, kaka, ni kazi. Unaandika barua ya kusudio kwa mkuu wa elimu wa wilaya ya shule kufikia Julai 1, au ndani ya siku 14 ukianza katikati ya mwaka kama mimi. Unatengeneza mpango wa masomo wa mtoto mmoja mmoja. Unapeleka ripoti nne kwa mwaka. Saa 900 za masomo kwa darasa la 1 hadi la 6, saa 990 kwa la 7 hadi la 12. Na mwisho wa mwaka, tathmini. Darasa la 1 hadi la 3 unaweza kuleta maelezo ya maandishi badala ya mtihani. Darasa la 4 hadi la 8 maelezo hayo yanakubalika mwaka mmoja tu kati ya miwili, mwaka mwingine ni mtihani. Kuanzia la 9, mtihani kila mwaka.

HAMISI: Na hapo kuna alama.

ZUHURA: Hapo kuna alama. Jumla yake iwe juu ya pasentaili ya 33. Au, na hili ndilo lililoniokoa, aonyeshe amekua kwa mwaka mzima wa masomo ukilinganisha na mtihani uliotangulia. Ndiyo maana nimekuja na bahasha. Bila karatasi hii ya mwaka jana, ningelinganisha na nini? Ukihama jimbo, usitupe matokeo, hata kama kule ulikotoka muda wa kuyatunza umekwisha.

HAMISI: Asipofika?

ZUHURA: Programu yenu ya nyumbani inawekwa chini ya uangalizi, hadi miaka miwili, mkiwa na mpango wa kurekebisha mnaoupeleka wilayani. Malengo ya mpango yasipotimia, ndipo unaweza kutakiwa kumpeleka shule. Ni jambo zito, siwezi kulipunguza. Lakini ni la hatua kwa hatua, na kila hatua unaandikiwa. Hakuna mtu anayegonga mlango usiku.

HAMISI: Pennsylvania wao wana mtihani darasa la 3, la 5 na la 8, na mzazi haruhusiwi kusimamia mtihani wa mwanawe. Juu ya hapo, kila mwaka mwalimu mwenye sifa anaangalia jalada la kazi za mtoto na kuzungumza naye. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo bora. Mtu wa pili anamwona mtoto uso kwa uso.

ZUHURA: Lakini wapo wanaosukuma kwenda upande wa pili. Arkansas waliondoa mtihani mwaka 2015, South Dakota mwaka 2021. Wanasema mzazi ndiye anayemjua mtoto, na kwamba watoto wa nyumbani wanafanya vizuri.

HAMISI: Hiyo hoja ya pili inanikera, na nitakwambia kwa nini. Inaegemea tafiti kama ile ya mtafiti Lawrence Rudner ya mwaka 1999, watoto zaidi ya 20,000, na alama zao zilikuwa juu sana. Lakini ni familia zilizojitolea wenyewe. Rudner mwenyewe alionya kwamba utafiti wake haulinganishi shule ya nyumbani na shule ya kawaida. Mwalimu yeyote anajua: ukisema "nani anataka kusoma ubaoni?", anayeinua mkono ni yule anayejua kusoma.

ZUHURA: Na yule aliyekaa nyuma kimya ndiye tunayepaswa kumtafuta. Wapo watu wazima waliosomeshwa nyumbani walioanzisha shirika mwaka 2013, Coalition for Responsible Home Education, kutetea hao. Mimi nasomesha nyumbani na naipenda kazi hii, na bado nasema mtoto ana haki ya kuonwa na mtu mwingine asiye mama yake. Mimi nisingeigundua ile k. Ninampenda mno, namalizia maneno kabla hajayafikia.

HAMISI: Mwaka huu unafanyaje basi? Kwa kanuni ungeweza kuleta maelezo tu, si alifanya mtihani mwaka jana.

ZUHURA: Ningeweza, lakini nimechagua mtihani. Nimeandika wilayani kuomba kibali cha msimamizi, mama mmoja mwalimu mstaafu kutoka kanisa la jirani, kwa sababu hapa msimamizi wa nyumbani lazima akubaliwe na mkuu wa elimu kama si mwalimu mwenye cheti cha jimbo hili. Nimeambatanisha nakala ya karatasi hii, yenye 22 yake na yote. Binti aliniuliza kama ni lazima waione ile 22.

HAMISI: Ukamjibu nini?

ZUHURA: Nilimwambia ndiyo, ndiyo namba ya kuanzia. Akaenda zake. Jioni nikakuta karatasi imebandikwa kwenye friji, mwandiko wake, juu kabisa ameandika kwa Kiswahili: HERUFI ZISIZOSEMA. Chini yake orodha ya maneno ya Kiingereza, ile k ya kisu ikiwa ya kwanza, kisha ya goti, kisha b ya kidole gumba. Leo asubuhi nilipotoka yalikuwa maneno 31.