Chanjo ya HPV: Nani Kafika Kwanza, Sindano au Kirusi?

SALIM: Dada Neema, tuanze na namba za HPV, kirusi ambacho baadhi ya aina zake huleta saratani ya mlango wa kizazi. Marekani walipima sampuli za ukeni za wasichana wa miaka 14 hadi 19. Kati ya 2003 na 2006, kabla ya chanjo kuenea, asilimia 11.5 walikutwa na HPV aina ya 6, 11, 16 au 18, zile nne zilizolengwa na chanjo. Kati ya 2007 na 2010, ni asilimia 5.1.

NEEMA: Na wakati huo ni kama theluthi moja tu ya wasichana hao walikuwa wamepata hata dozi moja! Mimi namba hiyo hunipa moyo sana.

SALIM: Mbona basi haikufika sifuri?

NEEMA: Kwanza, wengi hawakuchanjwa. Pili, chanjo hii inakinga, haitibu. Ndani ya sindano hakuna kirusi, mna protini ya ganda lake tu, iitwayo L1. Mwili ukiliona lile ganda tupu unatengeneza kingamwili. Kirusi chenyewe kikija, kinadakwa kabla hakijapenya kwenye seli za mlango wa kizazi. Kikishapenya, kingamwili hazikifikii tena.

SALIM: England inalionyesha hilo vizuri. Waliopangiwa chanjo wakiwa na miaka 12 na 13, saratani ya mlango wa kizazi ilipungua kwa asilimia 87. Wa miaka 14 hadi 16, asilimia 62. Wa 16 hadi 18, asilimia 34. Chanjo ni ileile, umri ndio tofauti.

NEEMA: Ndiyo maana tunasisitiza miaka 9 hadi 14. Tangu 2022, Shirika la Afya Duniani (WHO) linakubali dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 20. Utafiti wa Kenya ulichukua wasichana 2,275 wa miaka 15 hadi 20, na baada ya miezi 18 dozi moja ilikuwa imezuia maambukizi sugu, yaani yanayodumu mwilini, ya aina ya 16 na 18 kwa asilimia 97.5. Ila anayeishi na VVU asiishie moja: angalau mbili, na ikiwezekana tatu.

SALIM: Na kwa mchanjaji?

NEEMA: Mililita 0.5, kwenye msuli wa bega. Msichana akae dakika 15, maana wapo wanaozimia. Halafu jokofu, kaka Salim: nyuzi 2 hadi 8. Kichupa kikigusa barafu kikaganda, chembe za alumini zilizomo kwenye chanjo zinashikana, nguvu inapotea, na kukiyeyusha hakurudishi kitu. Kitupwe.

SALIM: Kuna aliyechanjwa, akapimwa, akaambiwa ana HPV. Nyumbani wakasema chanjo haina kazi.

NEEMA: Aulize ni aina gani. Chanjo ya aina nne haikulenga 31 wala 45. Ya aina tisa inazilenga. Vipimo vingine husema "ipo" tu, bila kutaja aina. Na hata aliyechanjwa, umri wa uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi ukifika, aende.