Pima kwa mato kwanda: mazungumzo na mafundi wa nguo, Lamu

Assalaamu aleikum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa nyuma huko na simu. Nimeambiwa nizungumze habari ya nguo ya kupimwa na nimepewa nusu saa. Wengi wenu mshanisikia barazani Langoni nikiyasema haya haya, lakini ntayasema tena, manake bado kila Ijumaa naona kanzu zinapita mbele yangu zimelala upande mmoja kama jahazi lililopakiwa vibaya.

Nlikuwa sijafika miaka ishirini, nimekaa kwenye cherehani ya miguu ya babu yangu, akaja baharia mmoja, mtu wa majahazi tangu utotoni, anaoza bintiye siku kumi zijazo. Anataka kanzu. Babu alikuwa amekwenda Matondoni, basi mimi nikachukua tepu. Na yule mzee, kama watu wote wakiona tepu, akajinyoosha, kifua mbele, mabega sawa, utadhani askari yuko gwaride. Nikapima urefu kutoka bega la kulia mpaka kifundo cha mguu, upande mmoja tu, manake nlidhani binadamu ana pande mbili zilizo sawa. Nikakata, nikashona, siku tatu kazi imekwisha, mshono safi kabisa. Akaja akaivaa, akatembea hatua mbili, akasimama vile anavosimama siku zake zote, na hapo nikaona. Kulia kanzu inafagia kiatu, kushoto kifundo kiko nje, na kuna mkunjo umetoka shingoni ukaenda mshazari mpaka kwapani.

Babu aliporudi hakuitizama kanzu hata kidogo, alimtizama mtu. Akamuuliza, "Henza wavuta kwa mkono upi?" Yule mzee akainua wa kulia. Basi ndio hiyo, miaka arubaini ya kuvuta henza, kamba ya kupandishia tanga, bega limeshuka chini. Babu akafumua bega la kulia, akalipunguza kwenye mshono upana wa kidole, akapiga bandi, nyuzi za kushikizia kwa muda, akamvisha tena, akamwambia azungumze habari za safari zake, amwage maneno, manake mtu akizungumza husahau kujinyoosha. Ndipo akatia chaki pindoni, mzunguko mzima. Kisha akanigeukia mimi, akasema maneno ambayo nimewafunza wote waliopita mikononi mwangu: "Pima kwa mato kwanda." Yaani pima kwa macho kwanza, tepu baadaye.

Sasa mtu ataniambia, hao ni mabaharia, wateja wangu mimi wanakaa ofisini. Ewe! Mwalimu anayeandika ubaoni miaka thelathini hana bega? Mama aliyebeba watoto watano kwenye nyonga ya kushoto hana kiuno? Kijana wa bodaboda mgongo wake umekunjika mbele, ukimkatia shati la mgongo mfupi litatoka kwenye suruali kila akipanda piki piki, halafu analaumu kitambaa. Hakuna mwili ulionyooka, nimeshona miaka mingi sijauona bado.

Na kanzu ndio inafichua zaidi, manake watu wanaidharau wanasema ni gunia jeupe. Kanzu ina badani, vile vipande vikubwa vya mbele na nyuma, ina taharizi pembeni zinazoipa nafasi chini ili mtu apande punda au ashuke kwenye boti bila kuishika mkononi, ina kikwapa ili akiinua mikono kwenye takbiri kanzu yote isipande nayo, ina lisani, kile kipande cha kifuani pale inapofunguka. Kila kimoja kina kazi, kila kimoja chakatwa kwa mtu wake. Hizi redimedi zinazokuja na majora zimekatwa kwa saizi tatu nne, ndefu, fupi, pana, basi, na vijana wetu siku za Maulidi wamejaa msikiti wa Riyadha na kanzu za mabega yanayoning'inia, na mimi roho inaniuma, si kwa sababu hawakununua kwangu, kwa sababu mji huu una mafundi.

London kuna mtaa waitwa Savile Row, mafundi wa suti wako pale tangu zamani, nyumba ya Henry Poole ilianzishwa 1806. Neno lao la nguo ya kupimwa ni "bespoke", na asili yake ni kunena: kitambaa kikishachaguliwa na mteja, kimeshanenewa, hakiuzwi kwa mwengine. Sisi tungesema kimeshaposwa! Na mteja arudi mara mbili tatu kufiti, koti likiwa na nyuzi za bandi nje, mkono mmoja umeshikizwa mwengine bado. Hakuna anayeona aibu. Hapa kwetu ukimwambia mtu aje kufiti anakuona hujui kazi, "si ushanipima?" Nimekupima, ndio, lakini kitambaa sijakipima juu yako.

Halafu 2008 wasimamizi wa matangazo huko huko Uingereza wakaamua ati hata suti iliyokatwa na mashine kwa vipimo vya mteja yaweza kutangazwa kwa neno hilo hilo. Mi sikubali. Na msiseme mzee anapinga mashine. Kuna fundi Mfaransa, Thimonnier, alipata hati ya uvumbuzi wa cherehani yake 1830, akaweka mashine kama 80 Paris kushona sare za jeshi, na mwaka uliofuata mafundi wenziwe wakaingia wakazivunja. Walikosea. Cherehani haijawahi kuniharibia kanzu, mimi ndio niliyeiharibu kanzu kabla sijaikalia cherehani, kwenye kupima.

Naoneshwa saa huku. Haya, haraka: kitambaa cha pamba au kitani kirowekeni kwanza, kikauke, ndio mkate, kwa sababu kitapungua siku ya kufuliwa na mteja hatokuja kuwauliza mbona, hatokuja tena kabisa. Makoti yaliyobandikwa gundi ndani badala ya kushonewa kanvasi, kile kitambaa kigumu cha kushikilia kifua, na joto hili la pwani, kifua kinatoa malengelenge, sina wakati wa kuonesha. Habari ya matundu ya vifungo nimeiacha. Bei pia.

Ila hili la "njoo kesho" siliachi, manake ndio watu wanakimbilia mitumba. Fundi anachukua kitambaa cha Idi akijua hatomaliza, mteja anaenda na kurudi mara sita, mwisho anasali Idi na nguo ya mwaka jana. Mtu huyo hakuvutwa na mtumba, amefukuzwa na sisi. Kama huwezi, mwambie leo huwezi.

Sasa yatosha maneno, tepu ninayo mfukoni na siitoi. Wewe kijana wa kikoi cha buluu, njoo hapa mbele. Nyinyi wengine mtizameni, mniambie bega gani liko chini na kwa nini. Usijinyooshe baba, simama vile unavosimama gatini ukingoja boti ya Mokowe.